Boksi la Kati

Mwalimu wa darasa la tano alijaliwa sauti ndogo. Akisema jambo kwenye kikao cha walimu, mwalimu wa hesabu aliyezoea kukaa pembeni yake alilirudia kwa nguvu ili wengine wasikie, na mara nyingine alilirudia ndivyo sivyo kwa makusudi. Watu walicheka, naye alicheka nao huku masikio yakimwaka moto.

Mbele ya watoto mambo yalikuwa mengine. Pale sauti ile ilitosha, maana kazi kubwa waliifanya watoto wenyewe. Yeye alikuwa na swali moja tu, "Unajuaje?", na alikuwa amelirudia mpaka watoto wakamwita hivyo mgongoni kwake, Mwalimu Unajuaje, wakidhani hana habari.

Siku ya Ijumaa, baada ya mapumziko, kilikuwa Kipindi cha Kufikiri. Hakikuwa na kitabu wala mtihani. Kilikuwa na maboksi matatu ya viatu yaliyopangwa kwenye meza ya dirishani. La kwanza liliandikwa NIMEONA, la kati NIMEAMBIWA, la mwisho NADHANI. Kila mtoto aliandika kwenye kipande cha kadi jambo analolijua, kisha akakitumbukiza kwenye boksi aliloona linafaa. Halafu ndipo vurugu tamu ilipoanza. Kadi ilitolewa, ikasomwa, na mwenyewe akaulizwa na wenzake mpaka aitetee pale ilipo au aihamishe. Kuhamisha kadi hakukuwa aibu. Mwalimu alihakikisha hilo. Anayehamisha alipigiwa makofi.

Kulikuwa na kanuni moja. Mwenye kifutio cha ubao mkononi ndiye msemaji, na hakuna wa kumnyang'anya.

"Hata wewe, mwalimu?" aliuliza siku ya kwanza yule msichana mwenye maneno ambaye darasa zima lilimwita Wakili.

"Hata mimi."

"Hata mwalimu mkuu akiingia?"

"Hata yeye atasubiri zamu yake."

Darasa lilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo watoto walikipenda kile kifutio kikuukuu, chenye vumbi la chaki lililoganda, kama vile kimeletwa kutoka ng'ambo.

Mwalimu mkuu hakukipenda sana kipindi chenyewe. Alikuwa mtu mwema mwenye kitambi na haraka nyingi, na malalamiko yalikuwa yamemfikia. Mzazi mmoja alimwambia mwanawe kwamba akimeza mbegu ya chungwa mti utamwota tumboni, na mtoto akamjibu, "Hiyo iko boksi gani, baba?"

"Nimecheka, sikatai," mwalimu mkuu alimwambia mwalimu wa darasa la tano ofisini. "Lakini yule baba hakucheka. Sasa sikiliza, binti yangu. Siku ya wazazi utafundisha mbele yao. Wakiridhika, kipindi kinaendelea. Wakinung'unika, nakirudisha kuwa cha hesabu."

"Nimeshaandaa sehemu zangu," alisema mwalimu wa hesabu kutoka mlangoni, akipuliza chai yake. "Robo, nusu, robo tatu. Hazina ubishi."

Mwalimu wa darasa la tano alitoka pale. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na kitu alichokianzisha mwenyewe. Kipindi kile kilikuwa chake. Wakikichukua, atabaki kuwa yule mwenye sauti ya kurudiwa na wenzake.

Aliishi kwa kaka yake. Wazazi wao walipofariki alikuwa bado mdogo wa kufungwa viatu, na kaka ndiye aliyemfunga. Alimlea, akamsomesha, na alipooa alimwambia mkewe wazi kwamba mdogo wake ni sehemu ya mzigo. Wifi, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alijibu tu, "Basi nitapunguza kitambaa kwenye pazia, tupate la chumba chake." Wakapata mtoto mmoja, msichana, ambaye baba yake alimpachika jina la Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Sasa Chiriku alikuwa darasa la tano, mwanafunzi wa shangazi yake, na walikubaliana kwamba ndani ya geti la shule hakuna shangazi, kuna mwalimu.

Kaka alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake wa kitambaa, na kila jioni alirudi na wino vidoleni. Hata kabla hajavua viatu, Chiriku alikuwa ameshamdaka mikono na kuipeleka puani. Ulikuwa mchezo wao tangu mtoto akiwa mchanga. Baba alikuwa akimwambia kwamba anaweza kunusa kitabu gani kimechapwa siku hiyo.

Siku za karibuni Chiriku alikuwa akinusa kwa muda mrefu zaidi, uso umekunjamana.

"Leo ni cha nini?" aliuliza baba.

"Sijui," alisema Chiriku.

"Pua imezeeka hiyo," baba alisema, akaenda kunawa.

Mwalimu aliyaona hayo akiwa anapanga vikombe, akatabasamu. Hakufikiri zaidi. Kichwa chake kilikuwa kwenye siku ya wazazi, akitafuta kadi ya kuanzia. Alitaka kadi isiyo na ubaya, ya kumchekesha mtu mzima na kumwonyesha kitu kwa pamoja. Akaipata kwenye boksi la kwanza, kwa mwandiko wa Chiriku: *Baba yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu.*

Aliifurahia kama mtu aliyeokota kito. Alishaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Wenzake watamwuliza Chiriku, umemwona akifanya kazi? Chiriku atasema, nimeona wino. Watasema, kuona wino si kuona kazi. Chiriku ataihamishia boksi la kati, NIMEAMBIWA, watapiga makofi, na kaka atasimama kwa fahari yake yote na kualika darasa zima likaone mashine. Hata mwalimu wa hesabu hatakuwa na la kusema.

Siku ilipofika, wazazi walibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu. Wifi alikuja na nyuzi zimemng'ang'ania kwenye mkono wa gauni. Kaka alikaa karibu na mlango, shati limepigwa pasi, mkoba mapajani. Alisema ameomba ruhusa kazini. Mwalimu mkuu alisimama nyuma mikono kifuani.

Sauti ya mwalimu ilitoka ikitetemeka, lakini ilitoka. Alieleza maboksi na kifutio. Kisha akaisoma kadi. Wazazi waligeuka kumtazama kaka, wakatabasamu, naye akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Alimkabidhi Chiriku kifutio.

"Niliiweka kwenye NIMEONA," alisema Chiriku, "kwa sababu kila jioni baba anarudi na wino."

"Wino si kazi!" alidakia Wakili kabla ya wakati, akazibwa mdomo na jirani yake. Wazazi walicheka. Yote yalikuwa yanakwenda sawasawa na alivyoyapanga, na moyo wa mwalimu ulianza kutulia.

"Ni kweli, wino si kazi," alisema Chiriku. "Lakini mimi siihamishii hapo kati."

Mwalimu aligeuka.

"Naihamishia kwenye NADHANI. Zamani nilikuwa na hakika. Sasa sina."

"Kwa nini?" aliuliza mvulana mmoja.

Chiriku alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa uking'aa. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo hili alikuwa amelitunza kwa ajili ya leo, kama mtu anavyotunza zawadi.

"Kwa sababu nimechunguza. Wino wa kiwandani hautoki kwa sabuni. Baba alikuwa ananawa kwa mafuta ya taa kwanza, ndiyo sabuni. Nyumba nzima inanuka. Mama alikuwa anamfukuza akanawie nje." Wifi alicheka, akafunika mdomo. "Sasa hivi ananawa kwa sabuni tu, na wino unatoka wote. Chupa ya mafuta ya taa ina vumbi. Na wino wenyewe ni wa buluu. Wa mwanzo ulikuwa mweusi. Nimeunusa, unanuka kama kalamu."

Mwalimu aligeuka kuelekea mlangoni. Alimtazama kaka yake. Kaka hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa amekunja vidole vyote ndani ya viganja, kama mtoto aliyekaguliwa kucha.

Na hapo mwalimu akajua. Hakuambiwa, hakuona, alijua tu. Mkoba kila asubuhi. Shati la pasi. Ruhusa ya kazini. Mungu wangu, alisema moyoni, ni mimi niliyeichagua hii kadi.

"Labda wamebadilisha wino," alisema mvulana yule.

"Nilifikiri hivyo pia," alisema Chiriku kwa furaha. "Lakini kwa nini unuke kalamu?"

Wakili alikuwa amenyoosha mkono mpaka anakaribia kung'oka begani. Chiriku, kwa kanuni, akamrushia kifutio.

"Kama wino si wa kiwandani," alisema Wakili, akihesabu hoja kwa vidole vyake vyembamba, "basi hautoki kiwandani. Na kama baba anautoa mahali pengine, basi anautia mwenyewe. Na mtu hajitii wino kama anao tayari. Kwa hiyo labda baba yake haen—"

Mwalimu alimnyang'anya kifutio.

Hakukumbuka kuvuka chumba. Alijikuta tu amesimama juu ya Wakili, kifutio kifuani, vumbi la chaki limemwagika kwenye blauzi yake. Kimya kilichotanda kilikuwa cha watoto. Wazazi hawakujua kilichotokea, watoto walijua. Midomo yao ilikuwa wazi. Yule mvulana wa swali alisimama bila kujijua.

"Imetosha," alisema mwalimu. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilifika mpaka ukuta wa nyuma. "Tunaingia kwenye kadi nyingine."

"Lakini mwalimu, alikuwa anaongea," alisema mvulana.

"Nimesema imetosha!"

Chiriku alikuwa amebaki mbele, peke yake, mikono mitupu. Furaha ilikuwa bado usoni mwake, haijapata habari. Kisha macho yake yakatoka kwa shangazi yake yakaenda kwa baba yake, na mwalimu akayaona yakikamilisha mwenyewe ile sentensi ya Wakili iliyokatwa. Hiyo sentensi mtoto hakuwa ameifikia. Aliona wino, akaona fumbo, akadhani fumbo ni mchezo. Sasa alikuwa amefika.

"Shangazi?" alisema. Ndani ya darasa. Mbele ya wote. "Ulisema hakuna wa kunyang'anya."

Hapo kaka alisimama. Dawati lilimng'ang'ania magoti, ikabidi alisukume, na ule mlio wa chuma sakafuni uliwafanya watu waruke.

"Samahanini, wazazi wenzangu," alisema, akicheka. "Huyu mtoto ataniua. Ni kweli, nilihamishwa. Siko kwenye mashine tena, niko ofisini, kwenye makaratasi. Ndiyo maana kalamu. Nilitaka niwashangaze nyumbani, lakini kumbe nina askari kanzu!"

Chumba kizima kiliachia pumzi. Kicheko kilipanda, mtu akapiga meza, baba mmoja akasema kwa sauti, "Hapo hakuna kufichana tena, ndugu yangu!" Wifi alikuwa akimtazama mumewe kwa jicho la mshangao na fahari. "Ofisini? Na hukusema?" alinong'ona, akampiga kofi dogo begani.

Makofi yakaanza nyuma. Yalianzishwa na mwalimu mkuu.

"Nimeona," alisema, akija mbele, "na sidhani." Watu wakacheka tena. "Watoto wanafikiri. Na wasiwasi niliokuwa nao umeniondoka: mwalimu anajua pa kuwakatiza. Hilo ndilo nililotaka. Kipindi kinaendelea. Na kuanzia wiki ijayo, darasa la sita nao."

Mwalimu alisimama na kifutio chake. Kitu alichokiomba kwa miezi alikuwa amepewa, na alikuwa amepewa kwa sababu ya lile tendo moja ambalo kipindi chote kilikuwepo ili lisitendeke.

Katikati ya makofi yale Chiriku alitembea mpaka meza ya dirishani. Hakuna aliyemtazama isipokuwa shangazi yake. Kadi ilikuwa bado mkononi mwake. Aliishika juu ya NADHANI, akasita. Akageuka kumtazama baba yake aliyekuwa akipeana mikono na watu, mikono yenye wino mbichi wa asubuhi, siku ambayo hakuwa amekwenda kokote ila hapa.

Kisha akaitumbukiza kwenye boksi la kati. NIMEAMBIWA.

Mwalimu alikuwa amefundisha miezi yote ile, na hakuwahi kuona kadi ikiwekwa mahali pake kwa usahihi namna hiyo, wala kwa huzuni namna hiyo.

Watu walipotawanyika, wifi alimshika Chiriku mkono wakatoka uani. Kaka alibaki, akijifanya kufunga mkoba. Mkoba haukuwa na kifungo.

"Asante, mdogo wangu," alisema bila kuinua uso. "Umenisitiri."

"Tangu lini, kaka?"

"Walileta mashine mpya. Sisi wa mashine ya zamani tukaambiwa tupumzike kwanza." Alicheka kidogo kwa pua. "Nimezunguka karibu kila karakana ya mji huu. Nilisema nikipata kazi nyingine, nitawaambia habari zote mbili kwa pamoja."

"Na wino?"

Alitoa mfukoni kalamu iliyovunjwa, imefungwa kwenye kitambaa. Mwalimu alipoiona alihisi kama aliyemkuta kaka yake uchi. Huyu ndiye aliyemfunga viatu. Alimfikiria amejificha nyuma ya ukuta fulani jioni, anajipaka wino kidole kwa kidole ili binti yake apate cha kunusa.

"Wasijue tu," alisema kaka. "Muda kidogo tu. Wewe umepata kipindi chako, mimi nitapata kazi. Mambo yatakaa sawa."

"Kaka, Chiriku anajua."

"Hajui. Nimemweleza. Hukusikia?"

"Njoo uone." Alimvuta mkono mpaka kwenye meza, akatoa kadi kwenye boksi la kati, akampa.

Kaka aliisoma. Akayatazama maandishi ya boksi. Alirudia kuyasoma, midomo ikicheza. Alikuwa mtu aliyechapa vitabu maisha yake yote, na mwalimu hakuwahi kumwona akisoma neno moja kwa shida kama ile.

"Ijumaa nitasimama hapa," alisema mwalimu, sauti imerudi udogo wake, "nimwulize mtoto wa mtu, unajuaje? Na Chiriku amekaa pale. Siwezi, kaka. Wallahi siwezi. Usipomwambia wewe leo, kipindi nakirudisha kwa mwalimu mkuu kwa mikono yangu. Sitamwambia kwa nini. Lakini nakirudisha."

"Ulikililia kipindi hiki."

"Ndiyo."

Kaka alirudisha kadi pale alipoiweka mtoto, taratibu, kama inayoweza kuvunjika. Akatoka bila kuchukua mkoba.

Mwalimu aliwaona kupitia dirishani. Hakuweza kusikia. Alimwona kaka yake akichuchumaa uani mbele ya Chiriku, akinyoosha viganja vyote viwili wazi, buluu mpaka kwenye kucha. Mtoto hakuinusa ile mikono. Aliishika tu. Kaka alisema jambo moja fupi, halafu akainua uso kwa mkewe akalirudia. Wifi alikuwa bado na tabasamu la fahari ya ofisini. Lilibaki pale usoni muda mrefu kuliko lilivyostahili, kama taa iliyosahauliwa mchana, kisha wifi akakaa chini. Hakutafuta kiti wala ngazi. Alikaa pale pale, kwenye vumbi, na gauni lake zuri.

Viatu vilisikika vikikimbia kwenye baraza. Chiriku aliingia akihema, akaenda moja kwa moja mezani, akaingiza mkono kwenye boksi la kati. Alipoipata kadi alisimama nayo, akitazama la kwanza, akitazama la mwisho.

Mwalimu alimnyooshea kifutio.

Chiriku alitikisa kichwa. Akaikunja kadi, akaisukumiza mfukoni mwa sketi yake mpaka chini kabisa.

"Hii si ya hapa, shangazi," alisema. "Njoo. Mama amekaa chini, na baba hajui amwinueje."